Nani Aliamua Nani Ahesabiwe? Hotuba Kuhusu Violezo vya Ripoti za Mishahara

Hotuba hii ilitolewa Malindi mbele ya makarani wa mishahara, wahasibu na mameneja wa hoteli, shule na biashara za mji huu na vitongoji vyake. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakujaliwa kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wahasibu waheshimiwa, makarani wenzangu, mameneja mliokubali kukaa nasi meza moja leo, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya violezo vya ripoti katika programu za mishahara, na ninajua fika kwamba si mada ya kumwamsha mtu alfajiri. Mishahara watu huizungumza, makato huyalalamikia, lakini ripoti ni karatasi inayotoka mwisho, hutiwa sahihi, hufungwa katika faili, na kila mtu akaenda zake. Basi nawauliza swali moja kabla sijaendelea. Ile ripoti uliyoitoa mwisho wa mwezi uliopita, nani aliamua imwonyeshe nani na imwache nani? Ni wewe? Ni bosi wako? Au ni yule fundi aliyekuja kuiweka programu zamani hizo, na ambaye simu yake siku hizi haipatikani?

Nauliza kwa sababu kiolezo ni maamuzi yaliyohifadhiwa. Mtu fulani, siku fulani, aliamua safu zipi zionekane, wafanyakazi gani wahesabiwe, kipindi gani kichukuliwe, na jumla ipigwe wapi. Aliamua mara moja, akakipa kiolezo jina, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na tangu siku hiyo uamuzi wake unarudiwa kila mwezi bila ya mtu yeyote kuulizwa. Aliyeamua anaweza kuwa amekwisha hama kazi, na sababu iliyomfanya aamue hivyo inaweza kuwa imekwisha, lakini uamuzi wake bado unahesabu watu wako.

Nianze na kichujio, yaani lile sharti linaloamua nani aingie katika ripoti na nani aachwe, maana ndicho kidogo kwa umbo na kikubwa kwa madhara.

Mnajua mwaka wa Malindi unavyokwenda. Wageni hujaa Desemba na huendelea kuja hadi Machi. Masika yakiingia, hoteli nyingi hupunguza watu, na nyingine hufunga milango kabisa hadi karibu Julai. Wapishi, watandika vitanda, wahudumu wa baa na watunza bustani huambiwa warudi msimu ukirejea. Baadhi yao hurudi. Wengine hupata kazi Watamu au Mombasa, na mambo yao na mwajiri wa kwanza yakawa yamekwisha, au ndivyo wanavyodhani.

Katika hoteli moja, ambayo sitaitaja, karani alitoa fomu za P9 mwezi wa Januari, ili kila mfanyakazi aone alilipwa nini na alikatwa kodi kiasi gani kwa mwaka mzima. Kiolezo alichotumia kilikuwa na sharti moja tu: hali ya mfanyakazi iwe "yuko kazini". Fomu zilitoka safi, zikapangwa kwa alfabeti, zikagawiwa. Waliopumzishwa mwezi wa Aprili hawakuchapishiwa kitu. Wala programu haikutoa ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa upande wake hapakuwa na kosa: iliombwa ilete walioko kazini, ikawaleta.

Ilipofika Juni, mpishi mmoja aliyekuwa amehamia Watamu alikwenda saiba, duka la intaneti, kuwasilisha ritani yake, yaani taarifa yake ya kodi ya mwaka, kabla ya tarehe 30, siku ya mwisho. Mkononi alikuwa na P9 ya mwajiri mpya peke yake. Kodi aliyokatwa kuanzia Januari hadi Machi ilikuwa imekwisha pelekwa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, mwezi kwa mwezi, katika ritani za mwajiri ziitwazo P10, kwa PIN yake mwenyewe, yaani nambari yake ya mlipa kodi. Ila yeye hakuwa na karatasi ya kuionyesha. Kijana wa saiba angefanya nini? Mpishi alipanda matatu akarudi hotelini, akaambiwa kwamba jina lake halimo katika ripoti, na kwamba pengine hakuwahi kukatwa kodi. Hebu fikirini kauli hiyo. Mtu amekatwa, fedha zimepelekwa, na ofisi iliyomkata inamwambia hakukatwa, kwa ushahidi wa ripoti iliyokatazwa kumwona.

Kosa lilikuwa wapi, ndugu zangu? Lilikuwa katika swali. P9 haiulizi "nani yuko kazini leo". Inauliza "nani alilipwa chochote kati ya Januari na Desemba". Orodha ya benki inauliza jambo jingine: nani ana malipo ya mwezi huu, hata kama alimaliza kazi tarehe 10 na hizi ni siku zake za mwisho pamoja na likizo asiyoichukua. Ripoti ya idadi ya watumishi inauliza la tatu: nani alikuwa kazini siku fulani iliyotajwa. Haya ni maswali matatu yanayotaka vichujio vitatu, na karani anayechukua kiolezo kimoja kwa yote ni sawa na fundi wa kanzu anayekata kitambaa cha kila mteja kwa kipimo cha mteja wa jana. Kwa ripoti zote zinazohusu fedha, chuja kwa malipo, usichuje kwa hali ya mtu. Hali ya mtu hubadilika. Malipo yaliyokwisha fanyika hayabadiliki.

Na kipo kipimo ambacho kingeliokoa hoteli ile kwa dakika chache. Jumla ya kodi katika P9 zote lazima ilingane na jumla ya kodi katika P10 za miezi 12. Ikipungua, kuna mtu umemwacha nje. Kipimo hiki hakihitaji programu mpya wala mshauri kutoka Nairobi. Kinahitaji kalamu.

Sasa nije kwenye jambo la pili, ambalo nitakaa nalo kwa muda, kwa sababu miaka ya karibuni limetutoa jasho sote: sheria inapobadilika, kiolezo hubadilika nani akikiambia?

Tarehe 1 Oktoba 2024, makato ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, ambayo yalikwenda kwa ngazi kuanzia shilingi 150 hadi 1,700, yaliondoka, na mahali pake ikaja SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya: asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na isipungue shilingi 300. Nimekutana na ofisi mbili zilizolishughulikia jambo hili kwa njia mbili, na zote mbili zina funzo.

Ofisi ya kwanza ilifungua msimbo wa makato ulioitwa NHIF (msimbo ni jina ambalo programu hulitumia kwa kila aina ya kato au pato), ikafuta herufi nne, ikaandika SHIF, ikabadilisha kanuni ya hesabu, na kazi ikawa imekwisha. Mwezi ule hapakuwa na tatizo lolote. Baadaye mfanyakazi mmoja alitaka mkopo, akaombwa slipu za mishahara za miezi ya nyuma, na ofisi ikamchapishia upya. Slipu ya Julai 2024 ikaonyesha kwamba alikatwa SHIF mwezi wa Julai, wakati ambapo kitu hicho hakikuwapo katika nchi hii. Afisa wa mikopo aliitazama, akamtazama mwenye slipu, akauliza kama ameitengeneza mwenyewe. Ndiyo sababu nasema: msimbo wa zamani haubadilishwi jina. Hufungwa kwa tarehe, na mpya hufunguliwa kwa tarehe. Historia ya mishahara ya mtu haiandikwi upya kwa ajili ya kutuepushia kazi ya nusu saa.

Ofisi ya pili ilifanya vizuri zaidi: ilifunga msimbo wa NHIF, ikafungua wa SHIF. Lakini kiolezo chao cha muhtasari wa mishahara kilikuwa na safu ya "Jumla ya makato" iliyojumlishwa kwa majina: PAYE, yaani kodi ya mshahara, jumlisha NSSF, yaani akiba ya uzeeni, jumlisha NHIF, jumlisha ushuru wa nyumba, jumlisha sako, yaani chama cha akiba na mikopo. Msimbo mpya haukuwamo. Mwisho wa Oktoba, mshahara wote ukitoa jumla ya makato haukulingana na fedha zilizokwenda benki, na tofauti ilikuwa SHIF yote, senti kwa senti. Karani alifanya nini? Aliongeza safu, akaiita "Marekebisho", akaandika ile tofauti, na ripoti ikalingana.

Naona mnacheka. Wanaocheka sana ndio ninaowaogopa.

Dawa yake ni kwamba safu ya jumla isijengwe kwa orodha ya majina. Programu nyingi za mishahara huziweka misimbo katika makundi, mapato upande mmoja na makato upande mwingine, na kiolezo kikiambiwa "jumlisha kundi lote la makato", kila kato jipya litakaloletwa na Bunge au na chama cha akiba litaingia lenyewe. Kama programu yako haina makundi, basi andika katika kalenda ya ofisi kwamba kila msimbo mpya ukifunguliwa, violezo fulani na fulani vifunguliwe pia.

La karibu na hilo ni mazoea ya kufanya hesabu ndani ya kiolezo wakati programu imekwisha ifanya. Niruhusuni nilionyeshe kwa mfanyakazi wa shilingi 40,000 kwa mwezi. NSSF yake ni asilimia 6, yaani 2,400. SHIF ni 1,100. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni 600. Tangu sheria ya kodi iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, yote matatu hutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hivyo kiasi kinachotozwa kodi ni 35,900. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, ambayo ni 2,083.25, na 3,567 zilizobaki hutozwa asilimia 30, ambayo ni 1,070.10. Jumla ni 5,553.35. Ondoa nafuu ya kila mlipa kodi, 2,400, na PAYE yake ni 3,153.35. Kinachobaki mkononi ni 32,746.65.

Sasa tuseme kiolezo chako kilitengenezwa kabla ya mabadiliko hayo, na aliyekitengeneza aliandika kanuni yake mwenyewe: mshahara unaotozwa kodi ni mshahara wote ukitoa NSSF. Mwezi huu kiolezo kitachapisha 37,600, na pembeni yake programu italeta PAYE ya 3,153.35, ambayo ni sahihi. Namba mbili katika mstari mmoja, kila moja ina sheria yake. Mkaguzi akizipiga kwa kikokotoo hazitamjibu, na atakuuliza wewe, hatamuuliza fundi aliyeondoka. Kama programu ina safu iliyohesabiwa tayari, ichukue hiyo. Kanuni iwe mahali pamoja tu.

Lakini msikimbilie kufuta, tafadhali. Kulikuwa na nafuu ya asilimia 15 ya ushuru wa nyumba, na sheria hiyo hiyo ikaiondoa. Safu yake sasa inachapisha sifuri kila mwezi na inawakera watu. Ukiifuta katika kiolezo cha pekee ulichonacho, siku utakapotakiwa kutoa upya karatasi za katikati ya 2024 hutakuwa na cha kuzitolea. Nakili kiolezo, cha zamani kipe tarehe ya mwisho katika jina lake, kipya kipe tarehe ya mwanzo. NSSF nayo tangu Februari 2023 imekuwa ikipanda kwa hatua kila Februari: kiwango cha juu cha mfanyakazi kilikuwa 1,080 mwaka wa kwanza, kikawa 2,160, na Februari 2025 kikawa 4,320. Nimeona ripoti zenye kichwa kilichoandikwa kwa mkono "NSSF (isizidi 1,080)" juu ya safu iliyojaa namba zinazozidi. Kichwa cha safu kisiwe na namba ya sheria.

Juu ya majina nitasema kwa ufupi, kwa kuwa aibu yake tunaijua. Fungueni orodha za violezo mlizonazo. Mtakuta "Ripoti mpya", "Ripoti mpya 2", "Ya bosi", "Ya bosi sahihi", na kimoja kinachoitwa "Usitumie hii". Mnajua ni kipi kinachotumika kila mwezi? Ni hicho cha mwisho. Jina la kiolezo litaje kazi yake, mpokeaji wake na tarehe kinapoanzia, na pale penye nafasi ya maelezo, paandikwe nani aliomba, kwa nini, na nani aligusa mara ya mwisho. Violezo vilivyokuja na programu visiguswe kabisa. Fanya nakala uibadilishe nakala, kwa sababu toleo jipya la programu linaweza kuvifunika vile vya asili na kazi yako ikapotea usiku mmoja. Na ruhusa ya kubadilisha wapewe wachache, hata kama ruhusa ya kuchapisha wanayo wengi.

Sasa msomaji. Ripoti ni ya nani?

Mji wetu una wenye hoteli na nyumba za wageni wengi kutoka Italia, na mhasibu mmoja wa upande wa Casuarina alinihadithia kisa chake kwa ruhusa ya kukisimulia. Mwenye mali, akiwa kwao, aliomba ripoti ya mishahara. Mhasibu aliitoa kama faili ya CSV, yenye kutenganishwa kwa mkato, akaituma. Kompyuta ya yule bwana imewekwa kwa mtindo wa kwao, ambapo mkato ndio alama ya desimali, nukta ndiyo hutenga maelfu, na mafaili ya aina hii hutenganishwa kwa nukta-mkato. Alipoifungua, wafanyakazi wote na mishahara yao yote walikuwa wamejazana katika safu moja. Akaandika kwa ukali. Mhasibu akafungua faili lake, akaliona sawa, akajibu kwa ukali wa adabu. Barua pepe zikaenda na kurudi, hadi mtu mmoja alipofikiria kupiga simu na kuuliza: bwana, ukiipata ripoti hii, unataka uifanyie nini?

Jibu lake lilikuwa fupi. Alitaka kujua kila idara inamgharimu kiasi gani kwa mwezi. Ile ripoti, pamoja na safu zake zote zilizoenda hadi nje ya karatasi, haikuwa na namba hiyo, kwa sababu ilionyesha upande wa mfanyakazi tu. Yule mfanyakazi wetu wa 40,000 hamgharimu mwajiri 40,000. Mwajiri hulipa NSSF yake ya 2,400, ushuru wa nyumba wake wa 600, na shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, jumla 43,050, kabla hujaweka chakula cha zamu wala usafiri wa usiku. Kiolezo kipya kina safu nne na kinatoka kama PDF. Hakuna aliyelalamika tena.

Nawasihi mulichukue swali lile la simu: ukiipata, utaifanyia nini? Mkuu wa jikoni anayetaka kupanga zamu anahitaji saa za ziada za watu wake, hahitaji nambari zao za vitambulisho wala akaunti zao za benki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tusichukue wala kusambaza zaidi ya kinachohitajika, na kiolezo ndipo mahali pa kulitekeleza hilo, kwa kuiondoa safu kabla karatasi haijatoka. Kuipiga ripoti picha na kuiweka katika kundi la WhatsApp la mameneja, hata kwa nia njema, ni kuutangaza mshahara wa mtu sokoni.

Na ipo ripoti ambayo hakuna anayeiomba, nami ningependa kila ofisi iwe nayo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mfanyakazi wa 40,000 hapaswi kwenda nyumbani na chini ya 13,333. Akishakatwa ya serikali, mikopo na sako zina nafasi ya kama 19,413 na si zaidi. Tengenezeni kiolezo chenye sharti moja, kinachowaleta wale tu waliopungukiwa na theluthi, na mkiendeshe kabla ya kufunga mwezi, sio baada. Mwezi mzuri kitatoka kitupu, na karatasi tupu hiyo pia ihifadhiwe.

Nimeletewa kikaratasi hapa, na mwenye kukiandika anasema amerithi violezo visivyohesabika kutoka kwa mtangulizi wake na hajui aanzie wapi. Ahsante, mama. Anza na vile ambavyo karatasi zake hutoka nje ya ofisi: P10, P9, NSSF, SHIF, orodha ya benki na ya M-Pesa, na slipu. Kila kimoja kiendeshe kwa mwezi uliokwisha fungwa na kulipwa, kisha linganisha idadi ya watu, jumla ya mishahara na jumla ya mkononi na kile kilichowasilishwa kweli. Kwenye orodha za malipo, tazama pia kama sifuri ya mbele ya nambari za simu na akaunti ingalipo, maana Excel ikiifungua orodha kama namba huila sifuri hiyo, na 07 ikawa 7. Namba zikilingana, andika tarehe na jina lako katika maelezo. Zisipolingana, usirekebishe kitu kwanza. Panga orodha zote mbili kwa nambari ya mfanyakazi, uzipitie mstari kwa mstari mpaka umjue aliyekosekana, kwa sababu ukimjua mtu utakijua kichujio kilichomwacha. Kazi hii ifanye baada ya tarehe 9, PAYE ikiwa imekwisha kwenda, na kabla ya heka heka za mwisho wa mwezi. Violezo vilivyobaki, ambavyo hakuna anayevikumbuka, vihamishie folda ya peke yake na uviache humo mwaka mzima kabla ya kufuta hata kimoja, kwa kuwa vingine huendeshwa mara moja tu, Januari, na mwenye kuvihitaji hatajua kwamba anavihitaji mpaka siku hiyo.